Anti, mama anataka kubeba chupi 26 melini ili asifue hata siku moja

Kamwene Anti, shikamoo. Naomba unisaidie maana hapa nyumbani Mafinga hapakaliki, we cheka tu ila ukimaliza kucheka unijibu.

Iko hivi. Dada yangu mkubwa anaishi Uingereza na mume wake, ni miaka mingi sasa, na mwaka huu wanatimiza miaka 20 ya ndoa wakasema hawataki sherehe, hela ya sherehe wanapandia meli ya utalii, zile kruzi ndefu kama ghorofa limelazwa majini, na wanatuchukua mimi na mama. Siku 24. Tunapandia Southampton mwezi wa tisa, inapita Lisbon, Barcelona, Roma, Athens, Malta, afu inarudi palepale Southampton. Mama ana miaka 67, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Makete, meli hajawahi kupanda, hata zile za Ziwa Nyasa pale Itungi ameziona kwa mbali tu. Alivyoambiwa alilia, akapiga simu kwa kila mtu aliyewahi kumfundisha.

Shida ikaja kwenye nguo. Dada alikuwa anamweleza kwenye simu kwamba mama usiwe na wasiwasi, kule nguo chafu unatia kwenye mfuko, unajaza karatasi, kijana anakuja kuuchukua chumbani, kesho yake zinarudi zimefuliwa zimenyooshwa. Alidhani anamfurahisha. Mama akakaa kimya, akauliza, "Na za ndani?" Dada akajibu, "Na za ndani mama." Anti, toka siku hiyo hakuna amani. Mama anasema toka amevunja ungo hakuna mtu aliyewahi kumfulia nguo ya ndani, hata alipolazwa alifua mwenyewe na dripu mkononi, sasa leo gagulo lake akalishike kaka wa watu huko chini kwenye injini? Akachukua kalamu na daftari akapiga hesabu: siku 24 chupi 24, mbili za dharura, jumla 26. Sidiria 10. Magagulo 8. Zote anarudi nazo chafu anafulia kwake.

Mi nikajifanya mjanja nikamwambia basi mama tutafua wenyewe tuanike kwenye balkoni. Ndo nikaharibu kabisa. Maana dada alitutumia video ya vyumba, balkoni yetu na ya kwao zimepakana na katikati kuna kizuizi kinafunguka, na shemeji alikuwa anaongea kwa furaha kwamba atamwambia mhudumu afungue ili asubuhi tunywe chai wote pamoja na mama mkwe. Mama kaangalia ile video mara tatu akasema nguo ya mwanamke mzima haianikwi mahali mkwe anakunywa chai, heri abaki Mafinga achunge kuku.

Hayo ni ya ndani. Ya nje sasa: pea 9 za vitenge zilizoshonwa, masweta 5 kwa sababu Ulaya ni baridi, blanketi, pasi, hita ya kuchemshia maji ya kuoga, na unga wa ugali kilo 5. Nilipeleka begi moja kwa mangi hapa jirani tukapima kwenye mizani yake ya gunia, kilo 31, na tiketi imeandikwa begi moja kilo 23 kila mtu. Mume wangu anasema mwache mama abebe atakacho, ziada italipwa hukohuko mbele. Inalipwa na nani? Na shemeji huyohuyo ambaye hata chupi zisionekane mbele yake!

Nimsemeshe vipi mama asijisikie vibaya, na kusema kweli nguo zenyewe kwa siku zote hizo tunazipangaje? Na mimi pia sijui.

Mke wa watu, Mafinga

JIBU

Marahaba mwanangu, kamwene. Nimecheka, sitaki kukudanganya, hapo kwa kaka wa watu kwenye injini nilisimamisha bajaji pale Uyole nikamsomea dereva. Lakini nikwambie, kwenye hili la nguo za ndani mama yako ndo mwenye haki, we na dada'ko mmemfanya aonekane mshamba kwa kitu ambacho sisi wote tumelelewa nacho. Mi mwenyewe nina dada wa kazi mwaka wa sita sasa, chupi zangu hajawahi kuzigusa. Kwa hiyo usimwendee na maneno ya mama siku hizi watu wamebadilika. Mwendee na ndoo ndogo kichwani, yaani mpango wa yeye kufua zake kwa mkono wake, zikaukie mahali ambapo hata Mungu anapaona kwa kuchungulia. Ukimpa hilo, hizo 26 zitashuka zenyewe, maana hajabeba 26 kwa kupenda chupi, kabeba kwa kuogopa.

Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi miaka minne kwenye dobi la meli, chini kabisa ambako hakuna dirisha, kwa hiyo mama hajakosea sana kuhusu injini. Anasema mashine za kule zimewekwa kwa ajili ya mashuka na mataulo ya watu maelfu, maji ya moto sana na vikaushio vya moto zaidi. Shati la kola linatoka safi. Kitenge kinatoka kimepauka kama kimeanikwa bonde la Usangu mwaka mzima, na sweta la sufu linaingia la mama linatoka la mjukuu. Na nguo zinahesabiwa kwa kipande, kila kimoja na bei yake, chupi moja unaweza kulipia hela ya kununulia nyingine tatu Mwanjelwa. Huwa kuna siku wanatoa ofa, mfuko mmoja bei moja ujaze mwenyewe, hiyo subirini mtie jinzi, mashati ya pamba, nguo za kulalia, vitu visivyo na aibu wala thamani kubwa. Huo mfuko mama anaweza kuuvumilia ukiwa na jinzi zako.

Kabla ya yote muulize dada meli ni ya kampuni gani na kama ina chumba cha abiria kufua wenyewe. Hapa ndo kampuni zinatofautiana sana na watu hawaulizi. Meli za Cunard, ambazo kwao ni hapohapo Southampton, zina vyumba vya kufulia, mashine, vikaushio na pasi, bure kabisa. Carnival ya Wamarekani meli zake nyingi zina mashine ila za kulipia. Royal Caribbean hawana, ni kupeleka kwa dobi wao au kufua kwenye sinki. Mkikuta chumba hicho kipo, maisha yamekuwa rahisi, ila usiende asubuhi ya siku ambayo meli inashinda baharini, kila mtu amepata wazo hilohilo, na mdogo wangu anasema ugomvi mkubwa aliowahi kuusikia melini haukuwa wa mapenzi, ulikuwa wa mtu kutoa nguo za mwenzie kwenye kikaushio. Nenda meli ikiwa imetia nanga na watu wameshuka mjini, au saa wanayokula chakula cha jioni.

Haya, tuseme hakuna chumba. Mnafua bafuni kwenu. Sabuni bebeni ya mche, ile ya kipande tunayofulia wote, ikate vipande vinne uviache vikauke siku mbili ndo ufunge. Ya unga achana nayo, itamwagika begini na kwenye sinki dogo utasuuza povu mpaka meli ifike Malta. Fueni kidogo kila jioni baada ya kuoga, vipande vitatu vinne tu, msisubiri mlima. Sasa kukamua. Najua mama anakamua kwa mikono kama anamnyonga mtu, lakini nguo haitakauka kwa hivyo tu. Tandaza taulo kubwa la melini sakafuni, laza nguo juu yake, viringisha kama chapati ya kusokota, afu panda juu ukanyage, visigino vikazane, geuza, kanyaga tena. Maji yote yanahamia kwenye taulo na taulo kesho wanakubadilishia. Nguo nyepesi ikitoka hapo inakaribia kukauka tayari.

Kuanika ni bafuni. Shawa nyingi za melini zina kamba ndogo inayovutwa kutoka ukutani, wengi wanaoga siku kumi hawajaiona. Kama haipo, bebeni kamba yenu ya mita mbili na kulabu za sumaku, zile ndogo za kubandika kwenye friji, maana kuta za vyumba vya meli kwa kawaida ni bati la chuma, sumaku inashika popote, unatundika hata kofia. Feni ya bafuni inavuta unyevu usiku kucha na hewa ya chumbani ni ya kiyoyozi, kavu, midomo itawapasuka kama Makambako mwezi wa saba, kwa hiyo nguo zinakauka vizuri kuliko unavyofikiri. Na mhudumu wa chumba? Kwenye baadhi ya meli anapita asubuhi na anarudi jioni kutandika, nyingine siku hizi anapita mara moja tu kwa siku, mtamuuliza siku ya kwanza. Anikeni usiku akishamaliza kupita, anueni kabla hajaja asubuhi. Mama hatakutana na mtu.

Balkoni isahauni kabisa kwa mambo ya kuanika, mkwe awepo asiwepo. Kwanza upepo wa bahari una chumvi na unyevu, nguo inabaki inanata. Pili unapeperusha, na gagulo likiruka ghorofa ya tisa hatujui litatua kwenye chai ya nani. Tatu kampuni nyingi zinakataza kwa sababu ya moto, na hawatanii, Machi 2006 meli inaitwa Star Princess iliwaka usiku ikiwa inaelekea Jamaica, moto ulianzia kwenye balkoni, wachunguzi wakasema inaelekea ni kipande cha sigara kilichotupwa, vyumba zaidi ya 100 vikaharibika na mtu mmoja akafa. Mwambie mama hili la sheria, atafurahi sana, maana sasa anapata sababu ya kusema hakuna mtu anaanika balkoni, si yeye tu. Chai ya shemeji anywe kwa raha zake.

Na kwa kuwa tumefika kwenye moto, pasi na hita vinabaki Mafinga. Vyote viwili vinakatazwa chumbani, wakikagua mabegi pale bandarini wanavichukua, mnarudishiwa siku ya kushuka. Ile hita ya kuchovya kwenye ndoo ndo usiithubutu kabisa. Maji ya moto yapo bombani saa 24, ukimwambia mama asiamini, akaoge aone. Blanketi lipo, mataulo yapo mpaka ya kwenye bwawa. Unga uishie kwa dada, melini hakuna jiko la abiria, na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ashukuru msimu umepita maana ningekuta na huo kwenye orodha.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa safari ya siku 24 mnapanga nguo za siku nane, siyo za siku 24, mnazizungusha mara tatu. Chupi 8 au 9 kila mtu, na ziwe zile nyepesi, siyo pamba nzito yenye mpira mnene kiunoni maana ule mpira ndo haukauki. Mama akikaza mpe 12, usigombane na mama yako kwa chupi tatu, hazina uzito. Sidiria 3, magagulo 2 ya kitambaa laini. Vitu vya juu 6, sketi 3, zichaguliwe zile ambazo kila blauzi inakubali kila sketi, siyo hii inakwenda na ile peke yake. Dera 2. Sweta moja na koti moja la upepo, basi. Hilo la Ulaya baridi litakusumbua kwa hiyo mwambie kwa lugha yake: Athens mwezi wa tisa ni kama umetoka Tukuyu ukashuka Kyela, jasho. Baridi atakutana nayo siku za mwanzo na mwisho huko juu karibu na Uingereza, upepo mkali, na ndani ya meli yenyewe kwenye kumbi za kula ambako kiyoyozi wanakiachia. Sweta moja linatosha kwa hayo. Mi nina mashaka hata na hilo koti ila wacha.

Vitenge ndo sitaki umnyang'anye. Pea 9 hapana, lakini 3 au 4 zile kali zaidi aende nazo, kwa sababu kwenye safari ndefu kama hiyo kuna usiku wa kuvaa rasmi, wanaume suti na tai, wanawake magauni marefu, na wenzenu watahangaika kutafuta nguo wakati mama yenu ana kitenge kilichoshonwa na kilemba juu. Atapigwa picha mpaka achoke. Ila kama kuna kipya hajashona, kilowekwe usiku kucha kwenye maji baridi kabla ya kupelekwa kwa fundi, kama kinachuja kichujie Mafinga, kisije kikachujia kwenye sinki la watu na kuchora taulo nyeupe. Na melini hivyo havifuliwi kabisa, anavaa jioni masaa matatu, anatundika bafuni wakati mtu anaoga maji ya moto, mvuke unanyoosha mikunjo, asubuhi kinarudi kabatini. Vya bitana mwambie aache, kimoja tu kinakaribia kilo.

Doti 2 za khanga pia, hizo nazipigania mimi. Khanga inakauka haraka, ni vazi la kulalia, ni ya kujifunga ukitoka kuoga, na mkifika Roma mkitaka kuingia kanisa la Mtakatifu Petro pale Vatikani mlangoni wanazuia mabega wazi na magoti wazi, watalii wanarudishwa kila siku, mama anajitanda khanga anapita kama kwao.

Nguo zako mwenyewe zijaribu nyumbani kabla. Fua blauzi leo saa mbili usiku, kanyaga na taulo kama nilivyokwambia, itundike ndani, siyo nje. Asubuhi iguse kwapa na mishono. Kama imekauka ndani ya nyumba Mafinga na ukungu huo, itakauka popote duniani. Kama bado mbichi, haiendi. Jinzi itafeli, najua unaipenda, beba moja uvae njiani. Blauzi za kukauka haraka usinunue dukani, zama mitumba, kamata kitambaa ukikunje kwenye ngumi hesabu mpaka kumi, ukiachia kikafunguka chenyewe bila mikunjo chukua.

Mzani: lengeni kilo 18 kila begi mkiondoka, kwa sababu mtarudi na zawadi na dada naye atawapa mizigo ya watu. Na mkononi kila mmoja awe na begi dogo lenye dawa za mama, miwani, chupi 2, khanga na nguo ya kubadili, siyo kwa ajili ya ndege tu. Pale Southampton mabegi makubwa mnayaacha gatini, yanapakiwa na wao, yanaweza kufika mlangoni kwenu jioni kabisa, mchana mzima mko melini na mlichovaa tu. Jambo ambalo hukuniuliza lakini linanitekenya: viza ya Uingereza peke yake haitoshi, mkishuka Lisbon na Roma mnahitaji ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na ya Uingereza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja maana mnatoka na kurudi. Anza leo.

Namna ya kumwambia mama: usikae naye na hii barua. Kaa naye na kamba, kulabu na kipande cha sabuni, mwambie mama nimepata namna ya kufua ndani bila mtu kuona, unaonaje, tutaweza? Mwalimu ukimuuliza kama ataweza amekwisha. Akae afue, akanyage taulo yeye mwenyewe, akiona limelowa atakufundisha wewe.

Halafu usiku wa mwisho. Meli zinataka mabegi makubwa yawekwe nje ya mlango kabla ya saa sita usiku, yanachukuliwa, mnayakuta asubuhi chini bandarini. Watu wanasahau na kufunga kila kitu. Mdogo wangu alimwona mzee mmoja anashuka gatini na pajama na viatu vya suti, mke wake kamtangulia mita ishirini kama hamjui. Kwa hiyo nguo za kushukia, na za ndani zake, zitundike kwenye kulabu nyuma ya mlango mapema kabla mama hajaanza kufunga, maana navyowajua walimu wastaafu, saa 12 jioni begi lake litakuwa limeshafika koridoni.